Ndimu, Jua na Jirani

Pua ni mlango usio na komeo. Jicho lina kope, na mtu asiyetaka kuona hufumba. Kinywa kina midomo, na asiyetaka kula huifunga. Masikio hayana vifuniko, lakini vidole viwili vyatosha kuyaziba. Pua haina hila hizo. Aliyeiziba hana budi kuhema kwa kinywa kama mgonjwa, na baada ya kitambo kidogo huiachia. Kwa hiyo harufu mtu aichukuayo mwilini mwake huingia kwa watu wengine bila ya kubisha hodi. Hii ndiyo sababu kuchagua manukato, jambo lionekanalo kuwa dogo na la anasa, kumo ndani ya mipaka ya elimu ya maadili. Anunuaye shati hujivika mwenyewe. Anunuaye manukato huwavika na jirani zake.

Katika insha hii nataka kuuliza swali moja. Mtu mwenye fedha kidogo, akitaka manukato ya jamii ya ndimu na chungwa kwa ajili ya wakati wa joto, achague kwa kipimo gani? Wengi hujibu upesi kwamba kipimo ni kudumu: chupa bora ni ile ambayo harufu iliyotiwa alfajiri hunusika hata magharibi, na chupa mbaya ni ile ambayo harufu yake hufa kabla ya saa nne ya asubuhi. Jibu hilo lina sura ya busara, maana maskini hana haki ya kupoteza fedha. Walakini nadhani kipimo hicho si cha haki, wala hakimsaidii maskini kama kinavyodhaniwa. Nitajaribu kueleza kwa nini.

Nachukua mji wa Mafinga kuwa mfano, si kwa sababu ni mji wa manukato, bali kwa sababu si mji wa manukato. Katika pwani yetu swali hili lilikwisha kupewa majibu na desturi zamani. Huko udi hufukizwa nguoni, asumini hutungwa, kikuba hufumwa kwa mkadi na mrehani, na mrashi hunyunyizia wageni maji ya waridi. Mtoto wa pwani hukuta mambo hayo yamekwisha kupangwa, naye huyafuata kama afuatavyo sarufi ya lugha ya mama yake. Mafinga ni kitu kingine. Ni mji wa Wilaya ya Mufindi, katika Mkoa wa Iringa, kilometa zipatazo 80 kutoka mji wa Iringa kwa barabara iendayo Mbeya, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Watu wake ni Wahehe, Wabena, Wakinga na wengine wengi walioletwa na mbao, chai, shule na biashara. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huwafanya watu wajifunike makoti na mablanketi, na harufu za mji ni vumbi la mbao, moshi wa kuni na ardhi yenye umande. Halafu hufika Oktoba na Novemba. Mvua bado, jua kali, makoti yametundikwa. Darasa la watu sitini huanza kujijua kwa pua. Ndani ya basi dogo liendalo vijijini kila abiria huwa na bega la mwingine chini ya uso wake. Hapo ndipo chupa zenye picha ya ndimu na chungwa huonekana kwa wingi juu ya meza za wauzaji. Hapana desturi moja ya kuwaamulia watu. Kila mtu huamua kwa akili yake. Na mahali ambapo desturi imenyamaza ndipo akili hutakiwa kusema.

Kabla ya kuhukumu kitu imetupasa kukijua. Ndimu, limau, chungwa, chenza, danzi, balungi na furungu ni ndugu wa ukoo mmoja, na manukato yao hukaa hasa katika maganda, ndani ya vifuko vidogo vya mafuta. Mtoto akilikunja ganda la chungwa karibu na mwali wa mshumaa huona cheche zikiruka. Cheche hizo ni mafuta hayo. Sehemu yake kubwa huitwa limonini. Chembe yake moja imefanywa kwa atomi 10 za kaboni na 16 za haidrojeni tu, basi ni nyepesi sana, na kila kilicho chepesi huruka upesi. Chembe za msandali na za udi ni nzito zaidi, na kwa hiyo hukawia juu ya ngozi. Tena joto huharakisha mruko, na hewa nyembamba ya nchi za juu huusaidia. Ndiyo maana maji huchemka Mafinga kabla hayajafika nyuzi 95. Kwa hiyo harufu halisi ya ndimu haiwezi kudumu sana juu ya mwili wenye joto. Saa moja, mbili pengine, kisha imekwenda. Hiyo si hila ya mtengenezaji wala dhambi ya muuzaji. Ni tabia ya kitu chenyewe, kama ilivyo tabia ya umande kukauka.

Kuna jambo jingine katika elimu hii ambalo mtu wa Mafinga apaswa kulijua. Karibu na mji huo ipo misitu ya kupandwa ya Sao Hill, ambamo misonobari, iitwayo na watu wengi mipaini, imesimama safu kwa safu. Utomvu wa miti hiyo una mafuta yaitwayo pinini, na chembe ya pinini nayo ina atomi 10 za kaboni na 16 za haidrojeni. Hesabu ni ile ile. Mpango tu ndio tofauti. Hata limonini yenyewe imo kidogo katika utomvu huo. Basi mpasua mbao arudiye nyumbani na harufu ya msonobari katika shati lake, na mwanamke apitaye kando yake akinukia chungwa, wamechukua vitu vya ukoo mmoja. Mmoja huambiwa ananuka kazi, mwingine husifiwa kwamba ananukia. Maumbile hayakuweka ukuta kati yao. Ukuta huo tumeujenga sisi.

Nautaja ukuta huu kwa sababu ndio moyo wa swali letu. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya wachimba makaa wa kaskazini ya nchi yake, alieleza kwamba watoto wa tabaka lake walilelewa kuamini kuwa watu wa kazi wananuka, akaona kwamba chuki iliyojengwa juu ya pua ni ngumu kuvunjwa kuliko chuki iliyojengwa juu ya fikira. Jambo hili halikukaa Uingereza peke yake. Mwanafunzi atokaye katika nyumba ambayo ndoo moja ya maji hugawiwa watu watano ajua vizuri maana ya mwenzake kusogeza kiti. Kijana aendaye kuomba kazi, baada ya kusafiri saa tatu katika basi lililojaa, ajua kwamba huenda akahukumiwa kabla hajafungua kinywa. Kwa watu hawa chupa ya manukato ya bei nafuu si mchezo. Ni ngao. Anayewacheka kwa kuinunua hajapata kusogezewa kiti.

Hata hivyo lipo pingamizi la zamani ambalo halifai kupitwa bila kujibiwa. Katika Injili ya Yohana, mlango wa 12, twasoma habari za mwanamke aliyemimina manukato ya thamani kubwa, na mtu mmoja akauliza kwa nini hayakuuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Msimulizi atuambia kwamba muulizaji huyo alikuwa mwizi. Lakini swali jema haliwi baya kwa kuulizwa na mwizi. Kila shilingi iliyomwagwa hewani ingaliweza kununua daftari, unga au sabuni. Je, si upotevu?

Najibu kwamba ni upotevu ikiwa manukato yamekuja kabla ya mambo yaliyoyatangulia. Maji na sabuni ni wajibu, nguo iliyofuliwa na kuanikwa juani ni wajibu, na manukato ni nyongeza. Mtu atiaye nyongeza mahali pa wajibu amefanya kama apakaye rangi ukuta usiokandikwa. Lakini wajibu ukiisha kutimizwa, nyongeza ndogo si upotevu. Binadamu hakuumbwa kuishi kwa vya lazima tu. Maskini naye ana haki ya jambo moja lisilo la lazima, na akinyimwa haki hiyo kwa jina la hekima, basi hekima hiyo ni ya mtu aliyeshiba. Kwa hiyo sisemi asinunue. Nauliza anunue nini.

Mtu asimamaye mbele ya meza ya muuzaji na noti chache mkononi ana njia nne, kwa kadiri nionavyo.

Njia ya kwanza haimo katika chupa. Ni ndimu yenyewe. Bei yake ni ndogo, na kazi yake yajulikana: huondoa shombo la samaki mikononi, na wako watu wengi wanaoipaka kwapani kushinda harufu ya jasho. Lakini ndimu ina siri ambayo inapasa kutangazwa. Katika ganda lake na maji yake, kama katika tunda liitwalo bergamoti ambalo hulimwa hasa Calabria, kusini ya Italia, mna kitu kiitwacho bergapteni. Kikikaa juu ya ngozi nacho kikapigwa na jua, ngozi huweza kuungua, kufanya malengelenge, na kubaki na mabaka meusi kwa wiki nyingi. Mwaka 1916 daktari aitwaye Freund alieleza mabaka kama hayo katika watu waliojipaka manukato yenye bergamoti wakakaa juani. Jua la nchi za juu ni kali kwa ngozi hata siku ambayo upepo ni wa baridi, maana hewa inayolichuja ni haba. Basi anayependa ndimu aitumie usiku na kuiosha. Asijipake shingoni wala mikononi kisha akatoka kwenda shambani.

Njia ya pili ni chupa ya manukato mepesi ya jamii ile ambayo Wafaransa huiita maji ya Köln. Johann Maria Farina, Mtaliani aliyehamia mji wa Köln katika Ujerumani, alitengeneza huko manukato yake ya maganda ya bergamoti, limau na chungwa yaliyochanganywa na spiriti, na nyumba ya biashara yenye jina hilo yahesabu mwaka wake wa kwanza kuwa 1709. Chupa nyingine maarufu ya mji huo yajulikana kwa namba tu, 4711, nayo asili yake ni namba ya nyumba. Katika manukato ya namna hii mafuta yenyewe ni kama sehemu 2 hadi 5 katika 100. Zilizobaki ni spiriti na maji. Ndiyo sababu ni mepesi, ndiyo sababu huburudisha mwili wenye joto, na ndiyo sababu hutoweka. Leo kila nchi ina wenye kuyaiga, na aghalabu bei ya mwigo ni ndogo.

Njia ya tatu ni uturi wa mafuta katika vichupa vidogo, usio na spiriti, ambao hupendwa na watu wasioitaka spiriti kwa sababu ya dini au kwa sababu ya ngozi. Tone moja hutosha. Mafuta ya chungwa peke yake hata humo huruka. Kwa hiyo mchanganyaji huyategemeza kwa msandali au kwa miski. Uturi ukipakwa kidogo hukaa karibu na mwili, na ausikiaye ni yule aliyekaribishwa karibu.

Njia ya nne ni manukato makali ya kupuliza, yenye picha ya ndimu nje na nguvu ya nyundo ndani. Dakika kumi za kwanza yananukia ndimu. Kisha ndimu hukimbia kama ilivyo tabia yake, na kinachobaki mpaka usiku ni uzito wa miski ya kiwandani na utamu kama wa sukari iliyoungua. Haya ndiyo yanayosifiwa kwamba yanadumu. Kwa kweli kilichodumu si kile kilichonunuliwa. Mtu alitaka ndimu, akapewa ndimu kwa dakika kumi na kitu kingine kwa saa kumi. Wahenga walikwisha kusema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tuzipime njia hizi kwa mizani ya maadili. Wanafalsafa wawili waweza kutusaidia. Plato, katika kitabu cha tisa cha Jamhuri, alipotafuta mfano wa furaha safi isiyokuwa tu kupona kwa maumivu, alichagua harufu nzuri. Aliona kwamba furaha ya harufu haitanguliwi na uchungu, huja kwa ghafula na kwa ukamilifu, na ikiisha haiachi maumivu nyuma yake. Kant naye, mwaka 1790, alipokuwa akiulaumu muziki unaovuka ukuta na kuwasumbua majirani, aliufananisha na leso yenye manukato: aitoaye mfukoni huwalazimisha watu wote waliomzunguka kuinusa, wakipenda wasipende.

Ukiwasikiliza wawili hawa kwa pamoja utaona kwamba hawagombani. Plato asema juu ya anayepokea, Kant juu ya anayetoa. Harufu ni furaha safi kwa anayeipokea maadam haimshiki kwa nguvu. Na inakuwa dhuluma pale ambapo haimpi nafasi ya kuondokewa nayo. Kumbe kupita kwa harufu ni sehemu ya wema wake. Ndimu inapoondoka baada ya saa moja hairudishi uchungu wowote. Huacha hewa kama ilivyoikuta. Manukato yanayokaa tangu alfajiri mpaka usiku ndani ya darasa la watu sitini hayamwulizi mtu. Mwenye pumu hana pa kukimbilia. Mwanamke mwenye mimba changa, ambaye pua yake imekuwa kali kuliko kisu, hana pa kukimbilia. Abiria wa dirishani aliyekwisha kuanza kuchafukwa na tumbo kwa sababu ya kona za barabara hana pa kukimbilia.

Zaidi ya hayo, maumbile yamemnyima mwenye manukato ushahidi wa jambo alitendalo. Pua huzoea. Harufu ile ile ikikaa mbele yake kwa dakika chache huacha kuihisi, ijapokuwa wengine wanaihisi vilevile. Basi mwenye manukato makali hudhani yamekwisha, akaongeza; huzoea tena, akaongeza tena. Nyani haoni kundule, na mtu hasikii harufu yake. Katika mambo mengi tunaweza kujihukumu wenyewe kwa kiasi fulani. Katika hili karibu hatuwezi kabisa. Mtu asiyeweza kujihukumu imempasa kuchagua kitu ambacho, hata akikosea kipimo, kosa lake litaisha lenyewe. Manukato ya ndimu ni ya namna hiyo. Aliyezidisha asubuhi amesamehewa kabla ya adhuhuri.

Hapa mpinzani wangu atasema: "Maneno mazuri, lakini ni ya mtu mwenye meza na kivuli. Mpasua mbao, mchuma chai na mama auzaye mboga tangu alfajiri hawana nafasi ya kujipaka kila baada ya saa mbili. Wao wanahitaji kitu cha kudumu." Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu, nami naikubali nusu hiyo. Yuko mtu ambaye kazi yake haimpi nafasi ya pili. Kwake yeye uturi wa mafuta, tone moja chini ya nguo, wafaa kuliko maji ya Köln. Wadumu kwa kadiri yake bila ya kumfukuza jirani. Au achague chupa ambayo nyuma ya ganda imewekwa jani, ua au mti. Mdanzi watufundisha jambo hili vizuri. Katika mti huo mmoja ganda hutoa manukato yapitayo upesi, ua hutoa manukato laini yanayokawia zaidi, na jani na vitawi hutoa manukato makavu yenye uchungu kidogo. Mchanganyaji mwaminifu huvitumia vyote, ndimu ikiondoka jani hupokea, na mtu hapati kitu kigeni asichokinunua. Mchaichai nao, ambao wengi huutia katika chai, una harufu ya limau kwa sababu ya kitu kile kile kilichomo katika limau. Mafuta yake hukamuliwa kwa mvuke hata hapa kwetu, katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, kisiwani Pemba. Si kila kizuri lazima kivuke bahari.

Lakini nusu ya pili ya pingamizi, ile isemayo kwamba kisichodumu ni ghali, si ya kweli. Tuhesabu. Chupa ya mililita 100 yenye mdomo wa kupuliza hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita kwa kila mbonyezo, yaani ina mibonyezo ipatayo 1,000. Mtu akibonyeza mara 4 asubuhi na mara 4 mchana, ametumia 8 kwa siku, na chupa itamfikisha siku 125. Tuseme aliinunua kwa shilingi 12,000; gharama yake ni shilingi 96 kwa siku, na majira ya joto ya Mafinga yamekwisha kabla ya chupa. Akiiweka mahali penye giza na baridi itamngoja mpaka mwaka ujao, kwa maana adui wa mafuta ya maganda ni mwanga, joto na hewa. Mafuta yaliyochakaa hupoteza uzuri na huweza kuwasha ngozi. Kwa hiyo chupa isikae dirishani kwa ajili ya kuonekana. Kwa mtu mwangalifu kisichodumu mwilini hudumu katika chupa.

Limebaki swali la uaminifu wa chupa yenyewe. Mwaka 1810 serikali ya Napoleon ilitaka watengenezaji wa dawa za siri waeleze yaliyomo ndani yake. Maji ya Köln wakati huo yalikuwa yakinywewa pia kama dawa; watengenezaji, kuliko kufichua siri zao, waliacha kuyasifu kwa uponyaji wakayauza kama manukato tu. Sheria ndogo ya kusema kweli ilikifanya kitu kirudi katika jina lake. Nasi tunahitaji sheria kama hiyo kwanza katika nafsi zetu. Nchi yetu ina Shirika la Viwango tangu mwaka 1975, na tangu mwaka 2019 vipodozi navyo vimewekwa chini ya uangalizi wake. Lakini hapana mkaguzi awezaye kusimama mbele ya kila meza. Mnunuzi mwenyewe asome maandishi, atazame tarehe, na atie tone juu ya karatasi, asubiri nusu saa, kisha anuse tena. Chupa ambayo baada ya nusu saa bado inasema jambo lile lile kwa sauti ndogo ni ya kweli. Ile ambayo imekwisha kubadili maneno na kupaza sauti haikuwa ya ndimu. Na iwapo chupa ya bei ndogo imeandikwa jina kubwa la ng'ambo ambalo bei yake ya kweli ni mara ishirini, anunuaye hajapata bahati. Amenunua uwongo na kuuvaa.

Maana uwongo wa manukato ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kuficha uchafu, nao hauendi mbali, kwa sababu jasho bichi na manukato yakichanganyika huzaa harufu ya tatu mbaya kuliko zote. Wa pili ni kuficha hali: mtu kutaka kudhaniwa si yule aliye. Huu hudhuru zaidi, kwa sababu hukubali ule ukuta niliousema, hukubali kwamba harufu ya kazi ni aibu, kisha hutafuta ngazi ya kuuruka. Mpasua mbao hana haja ya ngazi. Aoge, avae shati safi, na akipenda ajipake ndimu kwa kuwa ni nzuri. Asijipake ili asahaulike kwamba ni mpasua mbao. Wajibu wa kubomoa ukuta si wake peke yake. Ni wa yule asogezaye kiti kuliko wake.

Hukumu yangu basi ni hii. Kati ya manukato ya bei nafuu ya jamii ya ndimu, mwenye kivuli na nafasi achague yale mepesi, na asiyekuwa na nafasi achague uturi kidogo; wote wawili wayaache yale makali yatumiayo jina la ndimu bila ya tabia yake. Kipimo kiwe kufaa: yafae jua, yasiunguze ngozi; yafae mfuko, yasile daftari wala unga; yafae jirani, yasimshike kwa nguvu. Kudumu ni sifa ya nyumba, ya daraja na ya ahadi. Si sifa ya kila kitu. Viko vitu ambavyo wema wao ni kurudiwa, na salamu ni kimojawapo. Mtu aliyesema "hujambo" jana hasemi kwamba imetosha kwa leo. Huamka akaisema upya, na upya huo ndio uzima wake. Manukato ya ndimu yako katika jamii hiyo. Huisha kila siku kabla ya adhuhuri, na kila siku mwenye kuyatumia huulizwa upya kama bado anawajali watu atakaokaa nao.